Nilishafika Uhuru, kwa nini nilale Namche siku mbili?

"Shikamoo daktari. Nina miaka 41, naishi Dar es Salaam. Mwaka 2022 nilipanda Kilimanjaro kwa njia ya Marangu, siku tano, nikafika Uhuru. Kibo kichwa kiliniuma sana na nikatapika mara mbili, lakini nilimaliza. Oktoba hii mimi, mume wangu na rafiki yetu tunataka kwenda Nepal, tutembee hadi kambi ya msingi ya Everest. Wakala wa Kathmandu ametupangia siku kumi: tunatua Lukla asubuhi, tunapitiliza hadi Namche Bazaar siku hiyohiyo, tunalala usiku mmoja na kuendelea. Siku ya tano tuko Gorak Shep. Anasema aliyepanda Kilimanjaro mwili wake umeshazoea, na kwamba ile siku ya pili ya Namche imewekwa na wenye loji ili wageni waache hela. Ni kweli? Tangu utotoni naambiwa nina AS ya selimundu, ingawa sijawahi kuumwa. Mume wangu aliwahi kutoka vipele alipotumia Septrin, na tumesikia Diamox, dawa ya kuzuia ugonjwa wa mwinuko, nayo ni salfa. Rafiki yetu anasema dawa ni kunywa maji lita sita kwa siku na supu ya kitunguu saumu. Tufanyeje? Na je, buti zangu za Marangu zitafaa?"

Marahaba, dada yangu. Umeuliza maswali mengi, na lililo zito kuliko yote umelipitisha kwa sentensi moja, hilo la AS. Nitalifikia. Nikianza nalo utaogopa kabla hujaelewa mlima unavyofanya kazi, kwa hiyo kwanza tupite Namche.

Nikikuelewa sawasawa, unachotaka kujua ni kama ile siku ya pili ni hitaji la mwili au ni biashara ya wenyeji. Ni hitaji la mwili. Ninalisema hili nikiwa daktari niliyetibu wapandaji wengi walioshushwa Kilimanjaro kwa machela, na nikiwa mtu aliyelala Namche akajuta majivuno yake. Nilikwenda nikiwa nimeshafika Uhuru mara nne. Usiku wa kwanza niliamka saa nane nikihema kama mtu aliyekimbizwa na mbwa, kichwa kinagonga, na hapo nilikuwa nimepanda kwa utaratibu wote unaotakiwa.

Tuitazame njia yenyewe. Kathmandu iko kwenye mita 1,400 hivi kutoka usawa wa bahari. Uwanja wa Lukla, ule wenye njia fupi ya mita 527 iliyoinama kama paa la nyumba, uko mita 2,860. Wasafiri wengi hutua pale asubuhi kisha hutelemka, naam, hutelemka, hadi Phakding kwenye mita 2,610 na kulala. Kesho yake wanafuata mto Dudh Koshi, wanapita lango la Hifadhi ya Sagarmatha pale Monjo, wanavuka daraja refu la kuning'inia, halafu wanaanza mlima wa mita mia sita hivi usio na huruma hadi Namche, mita 3,440. Mji umekaa kwenye bakuli la mlima lenye umbo la kwato ya farasi. Nyumba zimepangwa ngazi kwa ngazi, na kila duka unalotaka kwenda liko ama juu yako ama chini yako.

Sasa fanya hesabu. Kutoka Phakding hadi Namche ni mita 830 kwa siku moja. Kanuni ambayo madaktari wa milimani tunaifuata ni kwamba ukishavuka mita 3,000, mahali unapolala pasizidi pa jana kwa zaidi ya mita 500 hivi, na kila baada ya siku tatu au nne upumzike usiku mmoja bila kupanda. Kwa hiyo hata ratiba ya kawaida inavunja kanuni inapoingia Namche, na ule usiku wa pili ndio unaolipa deni hilo. Ratiba ya wakala wako inavunja zaidi: asubuhi mko Kathmandu, jioni mko Namche, mmepanda mita 2,000 kwa siku moja, tena baada ya saa nane hadi kumi za kutembea. Halafu deni hamlilipi. Mnakopa tena kesho yake.

Twende kwenye Kilimanjaro, maana hapo ndipo wakala alipokushika. Kosa si lako, karibu kila mtu analiamini hili. Mazoea ya mwinuko hayakai mwilini kama chanjo. Ukishuka ukakaa Dar es Salaam, kwenye usawa wa bahari kabisa, ndani ya siku chache hadi wiki chache yanayeyuka. Kati ya 2022 na leo yamekwisha zamani. Mazoezi ya mbio za asubuhi nayo hayasaidii kwa hili, na tena vijana wenye nguvu huumia mara nyingi zaidi kwa sababu miguu yao inawafikisha mahali ambapo mapafu na ubongo bado havijafika.

Kisha kuna jambo ambalo watu wa kwetu hatulisemi vya kutosha, labda kwa sababu ya kuupenda mlima wetu: Marangu kwa siku tano ni ratiba mbaya. Mandara mita 2,720, Horombo 3,720, Kibo 4,720. Kila siku mita elfu moja, mara mbili ya kanuni. Kwa nini basi wengi wanafika na kurudi salama? Kwa sababu wanatoroka. Kibo hulali, unajinyoosha tu hadi karibu saa sita usiku, unakwenda Uhuru, mita 5,895, unapiga picha, na jioni hiyohiyo uko Horombo unakunywa chai. Maradhi mabaya ya mwinuko yanahitaji muda ili yakomae, na Kilimanjaro haiyapi muda mwingi. Khumbu, yaani eneo hilo la Everest, inayapa. Baada ya Namche utalala Tengboche 3,860, Dingboche 4,410, Lobuche 4,940 na Gorak Shep 5,164. Ukihesabu siku ya kupumzika Dingboche na usiku mmoja wa kurudi, ni kama siku tano unalala juu ya mita 4,000. Marangu ulilala usiku mmoja tu, tena nusu.

Hata hivyo Kilimanjaro ilikuachia kitu cha thamani: taarifa. Ulitapika mara mbili Kibo. Kichwa kuuma sana pamoja na kutapika, kwenye mwinuko ule, si uchovu wala chakula cha mpishi. Ni ugonjwa wa mwinuko. Na kitu kinachotabiri vizuri kuliko vyote kama mtu ataumwa safari ijayo ni jinsi alivyokuwa safari iliyopita akipanda kwa kasi inayofanana. Wakala amechukua historia yako akaisoma kichwa chini. Mtu mwenye historia yako ndiye wa kuongezewa siku.

Naomba uvumilie kidogo nikueleze kinachotokea ndani, kwa sababu ukikielewa hutahitaji mtu wa kukukumbusha kanuni.

Hewa ya Namche ina asilimia ileile ya oksijeni kama ya Kariakoo, 21 hivi. Kinachopungua ni mgandamizo wa hewa. Namche umebaki kama theluthi mbili ya ule wa pwani, na kambi ya msingi, mita 5,364, umebaki karibu nusu. Kila pumzi inakuletea oksijeni pungufu. Mwili unajibu mara moja kwa kupumua haraka na kwa kina. Hapo linazaliwa tatizo la pili. Ukipumua sana unatoa hewa ya ukaa nyingi kupita kawaida, na hewa ya ukaa ndiyo inayoipa damu uasidi wake. Damu inageuka kuwa ya alikali zaidi, ubongo unashtuka, unaamuru kupumua kupungue. Kwa hiyo usiku wa kwanza Namche mwili wako ni kama dereva aliyekanyaga mafuta na breki kwa pamoja. Ukilala, hali hiyo huonekana waziwazi: mumeo atapumua kwa nguvu, kisha atanyamaza sekunde kadhaa hadi ufikiri amekufa, halafu atavuta pumzi kubwa na kuendelea. Usipige kelele. Kama akiamshwa yuko timamu na hana shida, hiyo ni kawaida ya milimani.

Anayeachia breki ni figo. Anatoa bikaboneti, kemikali yenye alikali, kwenye mkojo, damu inarudi karibu na ilivyokuwa, na ubongo unakubali upumue kadiri unavyohitaji. Kazi hiyo haimalizwi kwa saa tatu. Inachukua siku moja, mbili, hata zaidi, na inabidi ifanywe upya kwa kila ngazi unayopanda. Ndiyo maana ukijikuta unakwenda chooni mara tatu usiku Namche, kwenye baridi ile, lalamika lakini shukuru: figo yako iko kazini.

Watu wengi hudhani kuzoea maana yake damu kuongezeka. Chembe nyekundu huongezeka kweli, lakini hilo ni suala la wiki, safari yenu itakuwa imeshakwisha. Siku za mwanzo zote unategemea pumzi na figo. Na tahadhari moja hapa: msijipime kwa mwongozaji wenu wa Kisherpa. Watu hao wametokana na jamii zilizoishi kwenye miinuko ya Tibet kwa maelfu ya miaka, na wanasayansi wameshaonyesha tangu 2010 kwamba jamii hizo zina tofauti za kinasaba, maarufu ikiwa EPAS1, zinazowasaidia kuishi huko bila damu yao kuwa nzito. Akikuambia "ni karibu tu", anasema kweli kwa mapafu yake. Wapagazi wanaotoka mabonde ya chini, kwa upande mwingine, wanaumwa kama wewe na mimi. Ukimwona mmoja wa wapagazi wenu amekaa pembeni anashika kichwa, muulize hali yake.

Siku ya pili Namche, basi, si ya kulala kitandani. Asubuhi mnapanda polepole, ile polepole ya wapagazi wa Marangu, hadi Syangboche na kilele cha mita 3,880 ilipo hoteli ya kutazamia Everest. Mnakunywa chai, mnautazama mlima wa Ama Dablam mkiwa na akili timamu, mnateremka kupitia kijiji cha Khumjung au Khunde, na jioni mko kitandani kilekile cha jana. Mwili umeonja juu na umelala chini. Khunde, kwa taarifa yako, ndiko iliko hospitali iliyoanzishwa na Edmund Hillary mwaka 1966. Ikitokea mmoja wenu ameamka na hali mbaya, hiyo siku ya "kupoteza hela" inawapitisha karibu na mlango wa daktari. Ikiwa Jumamosi, kuna soko la wiki ambalo wafanyabiashara hupandisha bidhaa kutoka mabonde ya chini. Mimi nililiona kuwa zuri kuliko maduka yote ya majaketi.

Sasa AS.

Mtu mwenye AS ana kinasaba kimoja cha selimundu na kimoja cha kawaida. Chini huku anaishi bila kujua, na wengi wenye AS wamepanda milima mirefu wakarudi salama. Sitaki ufikiri kuwa umekatazwa kusafiri. Lakini oksijeni ikishuka, maji yakipungua mwilini na misuli ikichoshwa kwa pamoja, sehemu ya chembe zako nyekundu zinaweza kujikunja kama mundu hata kama hujawahi kuumwa. Mahali zinapokwama kwanza ni wengu, kwa sababu damu hupita humo polepole. Matokeo yake ni kipande cha wengu kukosa damu na kufa. Si jambo la kila mtu, ni la wachache, ila limeandikwa mara nyingi kwenye vitabu vya tiba kwa watu wenye AS waliopanda juu haraka na kujichosha. Dalili yake ni maumivu makali chini ya mbavu za kushoto, wakati mwingine yanapanda hadi bega la kushoto, pamoja na kichefuchefu au homa. Waongozaji wengi hawaijui dalili hii. Watakuambia ni tumbo la safari. Andika kwenye karatasi kwa Kiingereza, mpe mwongozaji siku ya kwanza: nina AS, nikishika ubavu wa kushoto nishusheni, nipeni oksijeni, nipelekeni hospitali.

Kabla ya hayo, nataka upime. "Naambiwa tangu utotoni" hainitoshi. Nimeshakutana na watu wazima walioambiwa ni AS kumbe wana aina nyingine, SC kwa mfano, ambayo ina dalili chache hadi siku mtu anapopanda ndege au mlima. Kipimo kinachotenganisha aina za himoglobini kinafanyika kwenye hospitali kubwa kama Muhimbili. Kikisema SS au SC, jibu langu ni hapana: si kambi ya msingi, si Namche. Kikisema AS kweli, jibu langu ni ndiyo kwa masharti, na sharti la kwanza ni muda. Ratiba ya siku kumi kwako wewe isijadiliwe tena.

Kuhusu Diamox. Jina la dawa ndani yake ni asetazolamaidi, na sasa utaielewa kirahisi: inazisukuma figo zitoe bikaboneti mapema, yaani inaachia ile breki kabla ya wakati wake. Haifichi dalili, kama watu wanavyodai. Inaharakisha kazi ambayo mwili ungeifanya wenyewe. Kwa mtu mzima anayetaka kuzuia ugonjwa, kipimo cha kawaida ni miligramu 125 asubuhi na jioni, kuanzia siku moja kabla ya kupanda. Vidole vitachonyota, soda itakuwa na ladha ya ajabu, na utakojoa. Kwa historia yako ya Kibo ningefikiria kukupa. Kwa AS yako ninasita, kwa kuwa dawa inayokukojoza inaweza kukupunguzia maji, na upungufu wa maji ndio unaoziita chembe zijikunje. Uamuzi huo aufanye daktari atakayeyaona majibu yako ya damu. Usiinunue dirishani famasi na kuanza.

Kwa shemeji, suala ni aina ya mzio. Septrin na asetazolamaidi zote zinaitwa salfa, lakini ni ndugu wa mbali. Anayedhurika na moja mara nyingi hadhuriki na nyingine. Kama vilikuwa vipele vya kuwasha vilivyopotea, daktari anaweza kumjaribisha kidonge hapa nyumbani, chini ya uangalizi, wiki kadhaa kabla ya safari. Majaribio ya namna hiyo hayafanywi Namche. Kama ngozi ilitoka malengelenge, mdomo ulipata vidonda, uso ulivimba au alipata shida ya kupumua, asiiguse kabisa. Ipo deksamethasoni kama mbadala kwa watu wachache, ila hiyo haimfanyi mtu azoee, na ukiiacha ukiwa juu dalili zinaweza kurudi kwa kishindo. Kupanda polepole kunabaki dawa isiyo na mzio.

Rafiki yenu mpendwa mwambieni apunguze. Lita sita kwa siku zinaweza kuichuja chumvi ya damu hadi mtu akachanganyikiwa, na kuchanganyikiwa huko kukafanana na ugonjwa wa mwinuko. Mnywe kwa kiu, mkojo uwe wa rangi hafifu, basi. Wewe ongeza kidogo kwa ajili ya AS, lakini si kufikia kuogelea. Supu ya kitunguu saumu mtapewa kila loji na mtaapiwa kuwa ni tiba. Ni tamu, ni ya moto, ina maji na chumvi. Inyweni kwa hayo. Pombe na vidonge vya usingizi viacheni, hasa usiku wa kwanza wa kila ngazi. Nyama mimi huiacha pia nikishavuka Monjo, kwa sababu hupandishwa migongoni kutoka chini kwa siku kadhaa bila jokofu. Dal bhat, wali na mchuzi wa dengu, inatosha, na wanakuongezea sahani bila kukulipisha.

Kuhusu kale kapimo ka kidole ka oksijeni kilichobaki majumbani tangu wakati wa korona: kama mnacho, bebeni, ila kisiwatawale. Asilimia 88 pale Namche kwa mtu anayekula, anayecheka na anayetembea vizuri si kioja. Asilimia 90 kwa mtu anayepepesuka ni hatari.

Hilo la kupepesuka lishikeni. Kichwa kuuma, hamu ya kula kuisha, kichefuchefu, uchovu, kizunguzungu: huo ni ugonjwa wa mwinuko wa kawaida. Usipande zaidi hadi uishe. Parasitamo inaruhusiwa. Usipoisha kwa siku moja, au ukizidi, shuka. Lakini mtu akishindwa kutembea kwa kufuata mstari wa ubao wa sakafu, kisigino mbele ya kidole, au akianza kusema mambo yasiyoeleweka, ubongo wake unavimba. Mtu akihema akiwa amekaa tu, akikohoa, midomo ikigeuka rangi, mapafu yake yanajaa maji. Hawa wawili wanashushwa wakati huohuo, usiku au mvua, hawasubiri asubuhi, na hawashuki peke yao. Mita mia tano au elfu moja za kushuka zinaweza kumrudisha mtu. Juu ya Namche, kule Pheriche, kuna zahanati ya Himalayan Rescue Association ambayo hufunguliwa misimu ya watalii, Oktoba ikiwamo, na madaktari wake hutoa maelezo ya mwinuko kwa wasafiri. Kaeni msikilize.

Helikopta zipo, ila haziruki kwenye wingu na haziruki bure. Someni bima kabla ya kulipa: itaje uokoaji kwa helikopta na itaje mwinuko hadi mita 6,000, kwani nyingi zina kikomo cha chini ya hapo, na uitangaze AS yako kwenye fomu ili wasije wakakataa kulipa. Jihadharini pia na kinyume chake. Mwaka 2018 serikali ya Nepal ilichunguza mtindo wa watalii wenye maumivu madogo kushawishiwa wapande helikopta ili bima zilipe. Mtu anayewabana mpande haraka kupita kiasi anaweza kuwa ndiye huyohuyo atakayewaita helikopta.

Sasa niwapangie, kama mngekuwa wadogo zangu. Mkiwa na likizo ya wiki mbili na nusu, nendeni kambi ya msingi kwa ratiba ya siku 12 hadi 13 za njiani, usiku mbili Namche, usiku mbili Dingboche, na siku mbili za akiba kwa ajili ya Lukla. Oktoba ndege nyingi za Lukla huondokea Manthali, huko Ramechhap, saa nne au tano za gari kutoka Kathmandu, kwa hiyo mnaamshwa katikati ya usiku, na wingu likikaa bondeni hakuna anayeruka siku hiyo. Hizo siku za akiba msizile.

Mkiwa na siku kumi tu, na mimi kwa AS yako ndiyo ningeyapendelea haya hata kama mngekuwa na ishirini, ifanyeni Namche kuwa mwisho wa safari badala ya kituo. Phakding usiku mmoja, Namche usiku tatu, mzunguke Khumjung na Khunde, kisha Tengboche usiku mmoja kwenye monasteri, mteremke. Hamtazidi mita 3,900, mtakuwa mmeiona Everest, Lhotse na Ama Dablam, na kambi ya msingi yenyewe, nikisema ukweli wangu, ni uwanja wa mawe na barafu ambao kilele cha Everest hakionekani vizuri ukiwa juu yake. Wanaokwenda kuutazama mlima hupanda Kala Patthar, kilima kilicho juu ya Gorak Shep. Najua mumeo atabisha. Mwonyeshe aya ya wengu.

Wa kumwona ana kwa ana, kabla ya Septemba: wewe, daktari wa damu au daktari bingwa wa magonjwa ya ndani, na majibu ya kipimo mkononi. Shemeji, daktari yeyote anayeweza kukaa naye baada ya kumpa kidonge. Rafiki yenu, kama ana presha, pumu, kisukari au amewahi kuambiwa ana tatizo la moyo, naye aende, maana katika barua yote umemtaja kwa maji na vitunguu tu.

Buti za Marangu zinafaa, mradi soli haijaanza kuachia. Ziloweke maji nyumbani na uzitembelee siku nzima, kwa sababu gundi iliyokaa kabatini tangu 2022 huachia siku ya kwanza yenye unyevu. Zikiachia, Namche kuna maduka ya buti kila kona, ila mguu mkubwa wa shemeji unaweza kukosa namba.